Nilimwonea wivu mke wangu kwa vipicha vyake vya kijivu, nikafanya jambo la aibu

Wakuu, habari za mchana. Wa Mbeya mliojifunika majaketi, poleni na baridi.

Nimesoma nyuzi za wenzangu humu kwa muda mrefu bila kuchangia. Leo natoa langu. Mke wangu amelisoma kabla sijalipost na kuna sehemu mbili amenirekebisha, kwa hiyo hata nikitaka kudanganya sina pa kupitia.

Mimi ni mchoraji. Karakana yangu iko Mwanjelwa, nyuma ya maduka ya vitenge. Mwaka wa kumi na sita huu naishi kwa brashi.

Nachora vibao vya saluni, kuta za bucha, majina kwenye milango ya malori ya Fuso. Na picha za ukutani pia: mlima Loleza, mashamba ya chai ya Tukuyu, Ziwa Ngosi. Kama umewahi kula kwenye mgahawa hapa mjini ukaona Ngosi ukutani na ndege wanne juu yake, kuna uwezekano mkubwa ni kazi yangu. Ndege wanne kwangu ilikuwa lazima.

Namna yangu ya kuchora ilikuwa hivi. Napiga picha kwa simu, naweka simu pembeni, naanza na anga, nashuka mpaka chini. Rangi moja kwa moja. Nilikuwa najisifu kabisa kwa wateja: "Mimi sichori penseli kwanza, mimi sio mwanafunzi."

Mke wangu tumwite Mama Tuse, Tuse ni binti yetu wa miaka tisa. Mama Tuse ni Mhehe, kwao Ipogolo pale Iringa. Mimi ni Mnyakyusa wa Tukuyu. Alikuwa fundi cherehani, lakini tangu tuoane amekuwa akinisaidia karakana. Anapaka rangi ya msingi kwenye mbao, anajaza herufi nikishazichora, anaosha brashi.

Naomba mkumbuke hapo kwamba anaosha brashi. Ndivyo nilivyokuwa namwona.

Sasa, ukaja mwaliko. Kulikuwa na semina ya wiki moja ya wachoraji, inafanyika Iringa. Kila karakana nafasi moja. Jina lililoandikwa ni langu.

Niliusoma nikacheka. Siku ya kwanza mwanga na kivuli, siku ya pili mpangilio wa picha, siku ya tatu tena mwanga na kivuli. Nikasema mimi na miaka yote hii nikakae kwenye dawati nifundishwe kivuli?

Mama Tuse akasema, "Basi niende mimi, nikamwone na mama."

Nikamwambia nenda. Nilidhani nampa likizo.

Akarudi baada ya wiki na daftari moja la kawaida la shule, na kila ukurasa umejaa viboksi vidogo, kila kimoja saizi ya kiberiti. Ndani ya kila kiboksi kuna kitu cheusi, kitu cheupe na kitu cha kijivu. Basi. Hakuna rangi, hakuna uso wa mtu, hakuna jani.

"Ndio mlichofundishwa wiki nzima?" nikamuuliza.

"Ndio."

"Hizi ni stempu."

Akatabasamu. "Ni stempu, lakini ukikosea hapa, hata rangi za dunia nzima hazikuokoi."

Kwa wasiojua, niwaelezee kama alivyokuja kunielezea mimi baadaye. Wenyewe wanaita value study. Kabla hujagusa rangi unajiuliza: kwenye hii picha giza liko wapi, mwanga uko wapi, na kilichobaki kina weusi kiasi gani. Unafumba macho nusu mpaka vitu vidogo vidogo vipotee, yabaki mabaka makubwa tu. Unayachora hayo mabaka kwa mkaa. Halafu unachora tena mahali palepale, lakini safari hii unapandisha upeo wa macho. Unachora tena, unasogeza lile bonge la giza kushoto. Tena, unakata nusu ya anga. Ukishakuwa na viboksi nane au kumi ndipo unachagua kimoja, na hicho ndicho unachokwenda kukichora kikubwa.

Alikuwa na kidirisha pia, amekata kwenye boksi la sabuni. Anakishika mbele ya jicho anaangalia barabara kama anapima nguo.

Wakuu, nilimcheka. Sio mimi tu, niliwaita na majirani waje kuona. Jirani yangu anayeuza vioo akamuuliza, "Mama Tuse, hizo rangi zimeisha dukani?" Tukacheka. Yeye akaendelea. Karibu miezi miwili hakugusa rangi. Akimaliza kazi zangu anakaa kwenye meza yake nyuma ya mlango, mkaa mkononi, pua nyeusi.

Halafu akaenda Chunya kumsalimia dada yake, ambaye mume wake anachimba dhahabu kule. Alikaa siku nne. Akarudi na viboksi, akavipanga mezani, akachagua kimoja, akaniomba ubao.

Ile picha nitaieleza maana ndiyo iliyonivunja.

Wanawake watatu wanaponda mawe chini ya kibanda cha maturubai, saa saba mchana. Ningekuwa mimi ningechora mawe yote, nyundo zote, mashimo yote, milima nyuma, mawingu, na nyie mnajua, ndege wanne. Yeye karibu picha nzima aliiacha vumbi tupu, weupe ule wa Chunya unaoumiza macho. Kisha kibanda kikawa bonge moja la giza, hakiko katikati, kimesogea kulia. Ndani ya lile giza wanawake wanaonekana kwa shida, isipokuwa mmoja, kilemba chake kimepigwa na jua.

Unaingia karakana, jicho lako linakwenda kwenye kile kilemba. Unataka kuangalia kitu kingine, linarudi.

Nilisimama pale nikiitazama. Sikusema ni nzuri. Nilisema, "Umeacha nafasi nyingi sana wazi."

Hapo ndipo wivu ulipoanza, na nataka niwe mkweli jinsi ulivyokuwa maana watu huwa wanausema kwa juu juu. Wivu ulinifanya niwe mtu wa mambo madogo madogo. Mteja akiingia nahesabu sekunde alizosimama mbele ya picha yangu na alizosimama mbele ya yake. Nikaihamisha ile ya Chunya nikaiweka karibu na mlango wa choo, nikasema eti pale kuna mwanga. Alipika chakula kizuri, mimi nasema chumvi imezidi. Kuna siku aliamka na mafua makali akashindwa kuchora, na mimi nilifurahi. Nilimchemshia tangawizi huku nimefurahi moyoni. Mke wangu wa ndoa, wakuu.

Kilichokuwa kinaniuma zaidi ni kwamba ile nafasi ya semina ilikuwa yangu. Kila nikimwona na lile daftari nilikuwa nawaza, pale palikuwa pangu mimi. Nilisahau kwamba nilipacheka.

Siku moja akaja mama mmoja mwenye lodge Iringa. Nitamwita Mama Lodge. Alikuja Mbeya kwa shughuli zake, akaelekezwa kwangu kwa ajili ya kibao cha barabarani. Mama Tuse alikuwa ameenda sokoni.

Mama Lodge akapita kwenye picha zangu sita bila kusimama. Akafika karibu na mlango wa choo akasimama. Akasimama sana.

"Hii ya nani?"

"Ya hapahapa karakana," nikajibu.

"Umechora wewe?"

Nikasema, "Tunasaidiana."

Hilo neno lilitoka lenyewe. Nikajiambia sio uongo, ubao si ni wangu?

Baada ya wiki mbili akapiga simu. Nadhani alishauliza watu, maana alisema moja kwa moja, "Baba, naomba kuongea na huyo mama aliyechora picha ya Chunya. Nataka picha kubwa ya mapokezi, bonde la Ipogolo linavyoonekana ukiwa juu mjini."

Mama Tuse alikuwa hatua tano kutoka nilipo. Nilimwona mgongo. Nikatoka nje na simu.

Nikamwambia, "Huyo mama kwa sasa amepata matatizo ya kifamilia, ameacha kuchora. Lakini mimi ndiye niliyemfundisha."

Yaani nilisema hivyo. Nimeandika hapa nikafuta, nikaandika tena.

Mama Lodge akasema pole, basi niletee wewe vile vipicha vidogo kwanza, vitatu, nichague mpangilio kabla hujaanza.

Vipicha vidogo. Zile stempu.

Nikamwambia mke wangu nimepata kazi ya kibao Iringa. Nikapanda basi alfajiri, mchana nikawa Iringa, nikapanda juu ya miamba ambapo unaona bonde lote chini: barabara kuu, mto Ruaha Mdogo, mabati ya Ipogolo, malori yanapanda mlima. Nikatoa mkaa. Nikafumba macho nusu kama nilivyokuwa namwona anafanya.

Wakuu, sikuona kitu. Kila kitu kilikuwa kijivu kilekile. Nikichora mto, nataka kuweka daraja. Nikiweka daraja, nataka kuweka lori. Ndani ya kiboksi cha saizi ya kiberiti nilikuwa najaribu kuchora matairi. Nilichora mpaka jua likaanza kushuka, nikachana vyote.

Nikarudi Mbeya. Na nilikuwa najua kitu kimoja: kwenye daftari la mke wangu kulikuwa na kurasa nzima za Ipogolo, maana alizichora ile wiki ya semina akiwa kwa mama yake.

Nilichana ukurasa mmoja. Ulikuwa na viboksi sita, nikakata vitatu kwa mkasi, nikavituma Iringa ndani ya bahasha. Mama Lodge akanijibu ameipenda namba mbili, nianze.

Nikaanza kuchora kwenye turubai kubwa, kile kitambaa cha kuchorea, kwa rafiki yangu Uyole, ili mke wangu asione. Siku tatu mambo yalikwenda. Siku ya nne, sikiliza, mkono wangu ukaanza kuuliza maswali. Hapa mbona patupu? Nikaweka mti. Mti mmoja unaonekana mpweke, nikaweka mitatu. Daraja. Malori mawili. Mama amebeba kuni. Ng'ombe.

Mambo yakaharibikia kwenye simu. Nilikuwa nimeiacha nyumbani inachaji nikatoka kununua misumari. Mama Lodge akapiga. Mke wangu akapokea.

Niliporudi nilimkuta amekaa kwenye kiti changu, daftari limefunguliwa mapajani, pale ukurasa ulipochanwa. Hakuwa analia. Hakupaza hata sauti.

"Baba Tuse," akasema, "nimeacha kuchora lini?"

Nikaweka misumari chini.

"Kuna mama amenipa pole. Amesema amesikia nimeacha kwa sababu ya matatizo ya kifamilia. Nikamuuliza matatizo gani, akashangaa. Sasa nakuuliza wewe. Ni matatizo gani tuliyonayo?"

Nikasema nilitaka kumpunguzia kazi. Akaniangalia tu. Nikasema ni biashara ya karakana, haijalishi nani kachora. Akaniangalia. Nikakasirika, maana sikuwa na kingine cha kufanya, nikasema, "Bila mimi ungeijua wapi rangi?"

Akafunga daftari. "Ungeniomba, ningekuchorea vyote sita. Ningekuchorea hata ishirini, ukaweka jina lako. Lakini ulienda kumwambia mtu kwamba sipo."

Shule zilikuwa zimefungwa. Kesho yake alimchukua Tuse wakaenda Ipogolo kwa bibi. Alibeba na ile picha ya Chunya, kwenye basi, ameifunga kwa kitenge.

Mtu mwenye akili angeanzia hapo kuomba msamaha. Mimi nikaenda Uyole kumalizia turubai. Nilikuwa nataka ithibitike kwamba ninaweza. Nikaimaliza, nikaikunja, nikaipeleka Iringa.

Mama Lodge aliitandaza sakafuni pale mapokezi. Akainama. Akafungua mkoba wake, akatoa kile kiboksi namba mbili alichokuwa amekihifadhi, akakiweka juu ya turubai yangu. Kidogo hivi, kijivu, na kilikuwa kinaonekana kuliko mita mbili zangu za rangi.

"Hapa nilichagua giza moja na mwanga mmoja," akasema. "Sasa hivi kuna lori linaniita, ng'ombe ananiita, mama wa kuni ananiita. Nimsikilize nani?"

Nikainama kukiangalia kile kiboksi.

"Baba, mimi kuchora sijui. Lakini yule mama nimeongea naye kwenye simu, hana sauti ya mtu aliyeacha kuchora." Akanirudishia turubai yangu.

Kutoka pale mpaka Ipogolo ni kushuka mlima tu. Nilitembea kwa miguu na turubai begani, magari yananipita, na njia nzima nilikuwa natafuta sentensi ya kuanzia.

Mama mkwe alikuwa anachambua mboga uani. Nikamwamkia. Akaitikia, "Marahaba, kamwene," salamu ya Kihehe, akanisogezea kigoda, akaendelea na mboga. Hakuniuliza kitu. Akaita tu, "We Mama Tuse, mgeni wako."

Mgeni.

Mke wangu akatoka na mkaa kwenye vidole. Zile sentensi zote zikapotea. Nikasema, "Nilikuonea wivu."

"Najua."

"Bado nakuonea."

Hapo ndipo akakaa. Akasema, "Nilijua tangu ulipoihamishia picha yangu chooni. Nilikuwa nasubiri uniambie, maana mimi mwenyewe miaka yote naosha brashi nilikuwa nakuonea wivu wewe. Ulishawahi kuniuliza?"

Sijawahi kuuliza. Hata siku moja.

Nilikaa Ipogolo siku tano, nikilala chumba cha wageni kama kweli mgeni. Mke wangu alimpigia Mama Lodge mwenyewe, na mimi nikaongea nikasema ukweli wote, nikiwa nimesimama mbele ya mke na mama mkwe. Kama kuna mtu hajawahi kusema mbele ya mama mkwe wake kwamba yeye mwenyewe ni mwongo, namshauri aepuke.

Kazi akapewa yeye. Mimi nilitengeneza fremu, nikavuta turubai, nikapaka rangi ya msingi. Tena kuna asubuhi alinipa kidirisha cha boksi akaniambia nichore daraja, viboksi ishirini, mkaa tu, na matairi marufuku. Nikachora. Akafuta kumi na saba. Vitatu akasema, "Hivi vinapumua." Nilifurahi kuliko siku niliyolipwa kazi yangu ya kwanza, na papo hapo nikakasirika kwamba nimefurahi. Ndivyo wivu ulivyo.

Picha imeshatundikwa. Siku ya kuitundika nilishika ngazi. Wageni wawili waliingia na mizigo yao, wakaiona, wakaweka mizigo chini. Nilijikuta nahesabu sekunde tena. Nikaacha, maana zilikuwa nyingi.

Masomo niliyopata, wakuu, ni mawili. Kwa wachoraji: kaa na giza na mwanga kabla ya rangi. Nilidhani ni mambo ya wanafunzi, kumbe nilikuwa nimechora kwa miaka kumi na sita bila kuamua mtu aangalie wapi. Kwa wengine: kama unamwonea wivu mtu unayelala naye nyumba moja, mwambie wakati bado ni wivu tu. Ukikaa nao unageuka kuwa simu unayotoka kwenda kuipokelea nje.

Sijapona, nisiwadanganye. Sasa hivi karakana ina meza mbili zinazolingana, na kila mtu anaosha brashi zake. Siku ile ya kutundika picha, pale mapokezi, nilimnong'oneza, "Mama Tuse, hapa nakuonea wivu kweli kweli."

Akauliza, "Wapi hasa?"

Nikamwonyesha kona ya chini kushoto, kipande cha shamba kilichovunwa ambapo hakuweka kitu chochote, weupe mtupu, na bonde zima limeegemea pale.

Akaangalia muda mrefu. Akasema, "Hapo palinitoa jasho. Viboksi kumi na moja."

Nikamwomba anionyeshe vyote kumi na moja. Tukakaa kwenye ngazi za lodge, akafungua daftari, akaanza na kile kibaya kuliko vyote.

Karibuni wadau. Wale mnaofanya kazi moja na wenza wenu, huu wivu mnaubebaje? Matusi nayapokea pia, ila mjue yeye naye anasoma comments.